Mrejesho: maharage yaliyokwisha kuuzwa bado yanaombewa haki ya mgunduzi (aliyezalisha aina mpya ya mmea)?

Niliuliza kama aina mpya ya maharage iliyouzwa miezi 8 bado inaweza kulindwa. Inawezekana. Kwa mkataba wa 1991 wa UPOV (umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea), mauzo ya ndani yasizidi mwaka 1 kabla ya ombi. Nje ya nchi miaka 4, au 6 kwa miti na mizabibu. Muda huhesabiwa tangu mauzo ya kwanza yaliyoridhiwa na mgunduzi, hata kama kilichouzwa ni mavuno na si mbegu (hapo wengi hujikwaa). Mavuno mengi si kigezo cha kupata haki kabisa. Kinachopimwa shambani ni utofauti (na aina nyingine zinazojulikana), ulinganifu (mimea yake kufanana) na uthabiti (kubaki vilevile kizazi hadi kizazi). Mbegu ya majaribio ikichanganyika, ulinganifu ndio huanguka kwanza. Haki ikitolewa, hudumu angalau miaka 20.