Maua ya Postberg kule Langebaan, niende saa ngapi?

Mgeni_wa_Rasi
Habari wadau, mimi Mtanzania niko Cape Town kikazi toka Mei, mvua na baridi ya huku imenichosha kwelikweli. Sasa kazini kila mtu ananiambia subiri mwisho wa Agosti uende Postberg, ile rasi kati ya wangwa wa Langebaan na Atlantiki, eti ardhi yote inakuwa maua. Nataka nitoke mapema kama tunavyofanya Mikumi, nifike geti likifunguliwa. Na wanyama wapo au ni maua tu?

DadaMaua
Karibu sana, ila ya Mikumi sahau! Mimi mwaka wa kwanza nilidamka saa kumi na moja, saa tatu niko getini, nikakuta majani na vifundo vimejikunja tu, nikazunguka weee nikageuza gari, rafiki zangu walioingia saa sita wakarudi na picha sikuamini kama ni palepale. Maua yale yanataka jua na joto, nenda saa tano mpaka saa tisa, kukiwa na wingu usijisumbue. Lile deizi jeupe liangalie kwa karibu, juu petali nyeupe na duara la zambarau katikati, chini yake zambarau iliyofifia, kwa hiyo likijifunga unaona mgongo tu na uwanja mzima unaonekana kama umekauka. Halafu yanatazama jua na huku jua la mchana liko kaskazini, so lipe jua mgongo, utazame kusini, ndo utayaona nyuso.

Kitwitwi
Nakazia hapo. Na Postberg wanafungua Agosti na Septemba tu, usiseme utaenda Oktoba. Wanyama wapo, mbuni, pofu, punda milia wa milimani ambaye mistari yake haifiki tumboni kama wa kwetu, na bonteboki, ndugu yake nyamera ila uso mweupe. Ukiwaona wamesimama katikati ya maua ya rangi ya chungwa utasahau hiyo baridi. Tafadhali sana endesha taratibu, makobe wanavuka barabara muda wote, na ukiegesha chungulia chini ya gari kabla hujaondoka.

Ukienda Septemba pitia Geelbek, pembeni ya wangwa huohuo, kuna kibanda cha kutazamia ndege, vitwitwi wanakuwa wanarudi kutoka Siberia, ndo aina ileile wanaotua Mida Creek kule Watamu. Mtu wa pwani ukiwaona unajisikia nyumbani kabisa.

Mgeni_wa_Rasi
Asanteni jamani, nilikuwa naenda kupoteza siku. Jumamosi vipi?

DadaMaua
Foleni getini ndugu yangu, utalitazama jua ukiwa ndani ya gari. Kama unaweza omba ruhusa katikati ya wiki.

Mgeni_wa_Rasi
Nimepewa Jumatano, utabiri unasema jua siku nzima. Nitaweka picha hapa.

Kitwitwi
Na ya kobe usisahau.