Re: Kuchapisha kitabu cha Kiswahili Cairo (ISBN na namba ya idaa)

Kutoka: Abuu Nasri, Abbasiya

Assalaam alaykum jamaa. Nimemaliza kutafsiri risala ya fiqhi, kurasa kama 150, na nataka kuichapisha hapahapa kabla sijarudi Unguja. Mwenye matbaa (kiwanda cha kupiga chapa) mmoja nyuma ya Azhar anasema nilete faili tu, hiyo namba ya idaa ya Dar al-Kutub, maktaba ya taifa ya Misri, haina haja. Ni kweli? Na ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu, nichukue hapa au nyumbani?

Kutoka: Bi Zuhura, Nasr City

Waalaykum salaam mdogo wangu, na hongera sana. Kazi hii inahitajika mno huko kwetu, ndiyo maana sitaki uiharakishe.

Kwanza amua mchapishaji ni nani. Mwenye matbaa anapiga chapa tu. Kama kuna dar (nyumba ya uchapishaji) ya hapa itakayokitoa kitabu kwa jina lake, hao ndio wataomba ISBN, nayo itaanza na 978-977, ya Misri. Kama mchapishaji ni wewe na wanunuzi wako wako Unguja, Tanga na Mombasa, omba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Muuza vitabu huitazama namba ile ajue aagize kwa nani. Usimtume Cairo wakati shehena iko Darajani.

Idaa, yaani kuweka nakala za kitabu Dar al-Kutub, ni jambo jingine, na ni sheria. Sheria ya Misri namba 82 ya 2002 inamdai mchapishaji na mpiga chapa kwa pamoja waweke nakala, zisizozidi kumi. Kwa hiyo huyo anayekwambia haina haja anajitia matatani na yeye pia.

Usisahau kadi ya fahrasa, kile kisanduku cha ukurasa wa hakimiliki chenye jina la mwandishi, jina la kitabu, idadi ya kurasa, urefu kwa sentimita na mada. Wape Dar al-Kutub jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa Kiarabu na kwa herufi za Kilatini. Ukiwaachia waliandike wanavyolisikia, katika orodha za maktaba utakuwa watu wawili. Mwandishi wa asili atangulie, wewe ufuate kama mfasiri. Namba ya Dewey, ile ya kupanga vitabu vya maktaba kwa mada, nayo iangalie: maktaba nyingi za Kiarabu huweka Uislamu kuanzia 210, wakati nyumbani watautafuta 297.

Sasa matbaa, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Wanahesabu kwa malzama, yaani kurasa 16, basi kurasa 150 zitakula malzama kumi, kurasa 160. Hizo kumi za ziada zitie faharasa ya istilahi, wanafunzi watakushukuru. Mwambie kwa maandishi kwamba kitabu kinafungwa kushoto. Nimeshika mkononi kitabu cha Kiswahili kilichotiwa gundi kulia kama cha Kiarabu, shehena nzima, na mwenyewe hana la kufanya. Halafu kagua kila "ng'" katika profu, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kupiga chapa, maana mpangaji asiyejua Kiswahili huifuta ile alama akidhani ni uchafu, na ng'ombe anakuwa ngombe kitabu kizima.

Kutoka: Abuu Nasri

Allah akulipe kheri dada. Mwandishi alifariki zamani, lakini nakala niliyotumia ina tahakiki, yaani imesahihishwa na kutiwa maelezo, ya mwalimu mmoja wa hapa, yu hai. Nimwombe ruhusa?

Kutoka: Bi Zuhura

Muombe, tena akuandikie. Kwa Misri haki ya mwandishi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo matini ya kale haina mwenyewe. Utangulizi na maelezo ya chini ya muhakiki ni mali yake. Akikataa, tafsiri matini peke yake, na maelezo uandike yako. Profu ikitoka niletee, nitaisoma mimi mwenyewe kabla hujasaini.