Naomba ushauri: vidole kufa ganzi kwenye baridi ya Njombe
Habari zenu wakuu. Naendesha bodaboda hapa Njombe, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya alfajiri si mchezo. Koti zito ninalo, kifua hakina shida. Tatizo ni vidole: vikifa ganzi nachelewa kushika breki na klachi, na nikiwa na abiria nyuma hilo linanitia hofu sana. Glovu za sufu zinapitisha upepo, za ngozi nene siisikii breki vizuri. Vile vikinga mikono vya kufunga kwenye usukani vinasaidia kweli? Na kioo cha helmeti kikishika ukungu mnafanyaje? Nikikifungua, macho yanajaa machozi. Mnaopita Makete na Kitulo, naombeni uzoefu wenu.