Seti ya parachuti ya miaka ya 1960: vibati vya mabegani na mfuko wa kifuani vinafanyaje kazi?

Mtunza_Stoo:
Wakuu, salaam. Kuna seti ya zamani ya kuruka kwa parachuti, ya Kimarekani, inatakiwa kuwekwa kwenye maonyesho, na kazi ya kuandika vibao vya maelezo nimeangushiwa mimi. Hizi za kisasa wanazotumia Diani na Dubai nazielewa: za mstatili, kuu na ya akiba zote mgongoni. Hii sasa ni mambo mengine. Mgongoni kuna parachuti ya duara yenye rangi nne (nyeupe, chungwa, kijani, na ya mchanga), imekatwa matundu upande mmoja kwa mkasi na kupindwa vizuri. Imevalishwa kitu kama soksi ndefu. Kifuani kuna mfuko wa pili unaoning'inia kwa ndoano mbili. Mabegani kuna vibati viwili vya chuma. Ukishusha kifuniko kinachomoza kipete cha waya.

Naomba kujua: hayo matundu ni ya nini, soksi ni ya nini, vibati vinafanyaje kazi, na je, bado inarukika? Kuna kijana ameshaanza kuitolea macho.

Kamba28:
Hizo rangi nne zinaitambulisha: ni C-9, parachuti ya dharura ya marubani wa jeshi la Marekani. Kipenyo futi 28 (kama mita 8.5), vipande 28 vya nailoni vyenye umbo la kabari, kamba 28. Hesabu kamba uhakikishe. Jeshi lilikuwa likiziuza kama mali chakavu kwa bei ya kutupa, ndiyo maana warukaji wa miaka ya 1950 na 60 walizivaa.

Ilivyotoka kiwandani haina usukani. Inakwenda inakopelekwa na upepo. Kwa hiyo walikata vitambaa vya upande wa nyuma. Hewa iliyobanwa ndani inatokea huko kwa nguvu na kuisukuma parachuti mbele, maili chache tu kwa saa. Kamba mbili za usukani zinashuka kutoka kingo za matundu hadi kwenye vishikio, mara nyingi vya mbao. Vuta cha kushoto, inageuka kushoto. Angalia umbo la mikato: kama ni L mbili zinazotazamana, huo mtindo uliitwa Double-L, ukiona umbo la T lililounganishwa na U, hiyo ni TU, na tarakimu iliyotangulia (5 au 7) inahusu idadi ya vipande vilivyoguswa. Andika hilo kwenye kibao, wajuzi watalitafuta.

Tundu la kileleni ni jambo lingine, usilichanganye na mikato. Lenyewe linaruhusu hewa kidogo ipite ili parachuti isiyumbe kama kengele. André-Jacques Garnerin aliporuka Paris mwaka 1797 parachuti yake haikuwa nalo, na kikapu chake kiliyumba vibaya mno.

Soksi ni breki ya ufunguaji. Bila soksi, kitambaa kinaweza kushika upepo kabla kamba hazijanyooka, na mwili unapigwa kwa nguvu zote mara moja. Ukiwa na soksi mambo yanafuatana: parachuti ndogo yenye springi inaruka kutoka mgongoni, inavuta soksi, kamba zinachomoka fungu kwa fungu kwenye mipira ya kufungia (rubber band), na zikishanyooka zote ndipo mdomo wa soksi unafunguka. Kitambaa kinatoka kuanzia upindoni. Mafungu ya kwanza ya kamba ndiyo yanayofunga mdomo huo, kwa hiyo mpira wake ndio wa kukaguliwa kuliko yote. Mpira uliolegea unaachia kamba mapema. Uliobana mno, au uliozungushwa mara mbili, unaweza kung'ang'ania, na mtu akaning'inia chini ya soksi isiyofunguka.

Pini_Iliyopinda:
Kamba28 kaeleza vizuri. Mimi nichukue vibati.

Hivyo ni Capewell, yaani viachio vya kumtenganisha mrukaji na parachuti kuu. Kazi yake ya asili ilikuwa ardhini: ukishatua kwenye upepo mkali parachuti inakuburuta kama jahazi, ndipo unaachia bega moja na kitambaa kinasinyaa. Kifuniko kipo ili kisifunguke chenyewe angani. Aina yenye kipete cha waya waliiita "risasi moja na nusu", kwa kuwa inahitaji vitendo viwili lakini cha pili ni chepesi.

Kuitumia angani ni shughuli nyingine. Parachuti kuu imeharibika, inazunguka, na mrukaji anatakiwa: (1) kubana miguu na kuangalia chini, (2) kushusha vifuniko vyote viwili, (3) kuingiza dole gumba katika kila kipete, (4) kuvuta vyote kwa mpigo, (5) kuhakikisha ameachana nayo kabisa, (6) kuvuta kishikio cha mfuko wa kifuani. Balaa kubwa liko kwenye hatua ya nne. Likiachia bega moja tu, parachuti inabaki inapepea juu kama bendera, na ya akiba inakwenda kujisokota humo humo. Ikumbukwe kwamba mtu anayefungua akiwa futi 2,500, kama hakuna kitu kabisa juu yake, ana sekunde zisizofika 15 kabla ya ardhi, maana anashuka karibu kilomita 190 kwa saa.

Ndiyo sababu pete tatu za Bill Booth, katikati ya miaka ya 1970, zilipokelewa haraka. Pete kubwa inashikwa na ya kati, ya kati na ndogo, ndogo inashikwa na kitanzi cha uzi, na kitanzi kinazuiwa na waya laini. Kila pete inapunguza mzigo, hadi waya unabeba sehemu ndogo sana ya uzito. Kishikio kimoja kinaachia mabega yote mawili.

Kamba28:
Nakurekebisha kidogo hapo. Si kila hitilafu ilidai kuachia. Kamba ikipita juu ya kitambaa na kukigawa matiti mawili (waliiita Mae West, kwa jina la mwigizaji), mara nyingi parachuti bado inabeba kiasi. Wengi walifundishwa waiache hapo hapo na kufungua ya akiba kwa mkono: mkono wa kushoto unafunika mfuko wa kifuani, wa kulia unavuta kishikio, kisha unakumbatia kitambaa chote na kukitupa kwa nguvu chini na kuelekea upande unaozungukia. Isiposhika upepo unaivuta na kuitupa tena. Ya akiba ya namna hiyo haikuwekewa parachuti ndogo ya springi, kwa makusudi, maana ingerukia moja kwa moja kwenye kamba za ile mbovu.

Mtunza_Stoo, huo ndio ufunguo wa kibao chako. Akiba yenye springi ilikuwa ya mtu aliyekusudia kuachia kuu. Isiyo na springi, ya mtu aliyekusudia kubaki nayo.

Pini_Iliyopinda:
Sawa, nimekubali. Kwa mwanafunzi hasa, ndivyo ilivyokuwa.

Karatasi_ya_Upepo:
Naona mmesahau kutua, na C-9 ilijulikana zaidi kwa kutua. Inashuka mita 5 hadi 6 kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka ukuta wa mita moja na nusu, huku upepo unakusukuma pembeni. Hakuna kutua kwa kutembea kama leo. Miguu inabanwa pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, macho yanaangalia mbele. Kisha unaanguka kwa mpangilio: nyayo, pembeni mwa shavu la mguu, paja, tako, ubavu wa mgongo. Anayenyoosha mguu kuitafuta ardhi huvunjika kifundo. Buti nene za soli laini ni sehemu ya seti; kama unazo, ziweke kwenye maonyesho.

Kwa kuwa usukani ulikuwa hafifu, kazi ilifanyika kabla ya kuruka. Ulidondoshwa ukanda wa karatasi laini, urefu futi 20, upana inchi 10, wenye kijiti cha waya mwishoni, uliopimwa ushuke kwa mwendo wa mtu aliye chini ya parachuti ya duara. Unadondoshwa juu ya shabaha kutoka kimo cha kufungulia. Ukianguka mita 400 magharibi, ndege inakwenda mita 400 mashariki na mtu anafungulia hapo.

Mtunza_Stoo:
Asanteni sana. Na kuhusu kuruka nayo?

Pini_Iliyopinda:
Hapana, na mwambie huyo kijana wazi. Nailoni inaliwa na jua, na macho hayaoni. Mipira imekufa. Kama ya akiba ina wavu upindoni na ilitengenezwa miaka ya 1980, kuna tatizo la ziada: baadhi ya nyavu za wakati huo zilikuwa na asidi iliyodhoofisha kitambaa kinachogusana nazo. Hata seti ikiwa mpya, sheria ya Marekani enzi hizo ilitaka ya akiba ifungwe upya na fundi kila siku 60.

Jambo moja la usalama wako mwenyewe: usivute kishikio cha mgongoni ukiwa umeliinamia begi. Springi ikiwa bado hai, parachuti ndogo inakurukia usoni. Mwenzako aikandamize kwa mkono wazi, wewe chomoa pini moja moja, kisha uifunge springi kwa uzi kabla hujaipeleka mbele ya watoto.