FAMILIA YA KIBOSHO: ile filamu ya jana

Dada Happy: Jamani mliangalia ile filamu ya wachawi jana usiku? Wanangu wamelala taa inawaka, na mdogo anasema haendi tena kwa bibi eti bibi ana macho mekundu kama yule mchawi wa kwenye tivii

Kaka Godi: Aisee pole. Ila ilikuwa kali, pale walipomchoma yule mama! Na wameandika kabisa kisa cha kweli, Salem kule Marekani, 1692

Neema: Kaka Salem hakuchomwa mtu hata mmoja. Walinyongwa watu 19, na mzee Giles Corey, ana miaka 80 huko, walimrundikia mawe kifuani mpaka akakata roho kisa kagoma kujibu mashitaka. Kuchoma kulikuwa Ujerumani, Uskoti na kwingine Ulaya, ila filamu zinapenda moto

Kaka Godi: Si yale yale tu, wamekufa

Neema: Siyo yale yale kaka. Ukimwonyesha anapaa na kutoa radi mikononi mtu anaamka kwenye kochi anajua yule aliyeuawa kweli alikuwa na nguvu, na wale hawakuwa na nguvu yoyote. Sarah Good alikuwa ombaomba, anapita nyumba kwa nyumba, akinyimwa anaondoka ananung'unika, basi ng'ombe wa mtu akifa ni yeye. Wakamnyonga. Katoto kake Dorothy, miaka minne mitano hivi, kakafungwa minyororo gerezani miezi!! Hiyo sijaiona kwenye filamu

Dada Happy: Mungu wangu, mtoto wa miaka minne 😢

Dada Happy: Na ile sura ya kijani ya mchawi inatoka wapi?

Neema: The Wizard of Oz ya 1939, filamu za rangi bado jambo jipya wakampaka kijani. Kitabu chenyewe cha 1900 hakisemi hivyo

Mjomba Felix: Mimi sitasema uchawi haupo, hilo tuelewane. Ila hizi za kwetu na za Kinaijeria ndo zinaniumiza zaidi, mchawi kila siku ni bibi kizee, kaniki, ungo, macho mekundu. Nimefanya kazi Shinyanga mimi, vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga usiku kwa hayo hayo macho, na macho yenyewe ni moshi tu wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, mtu kapikia maisha yake yote. Halafu msanii anapakwa wekundu machoni ili tuogope. Wanaoandika hizo filamu hawana bibi?

Shangazi Eli: Felix umesema. Mama jiko lake halina dirisha, anapuliza matawi ya kahawa yaliyolowa tangu saa kumi na moja alfajiri, macho yatakosaje kuwa mekundu. Na mtori wanaougombania hao watoto ndo unatoka humo humo

Shangazi Eli: Happy, Jumamosi wapandishe wote. Huyo mdogo akae na bibi yake jikoni moto unapowashwa, na umweleze, usimwambie tu nyamaza

Dada Happy: Sawa shangazi nitawaleta

Mjomba Felix: Fundi wa dirisha nakuja naye mimi

Shangazi Eli: Asante kaka. Godi ule mchango wa jiko la gesi bado wewe tu

Kaka Godi: Natuma jioni hii shangazi