Tupeane uzoefu: Umebadilishiwa nyonga, umerudi kazini, maumivu unayamudu vipi?

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu ni wa sisi tuliowekewa nyonga bandia tukarudi kazini, na wale wanaojiandaa kurudi. Hospitali wanakufundisha kutembea na magongo, kupanda ngazi, kulala, hata kuvaa soksi bila kuinama. Kukaa kwenye kikao cha saa mbili hakuna anayekufundisha.

Naanza mwenyewe. Mimi ni mhasibu, nyonga ya kulia, gegedu lilikuwa limelika hadi mfupa unasaga mfupa. Yale maumivu ya zamani, ya kuamshwa usiku, yaliondoka na nyonga ya zamani. Nyumbani nikawa najiona nimepona kabisa. Nimerudi ofisini, kufika saa nne asubuhi paja limekaza, kinena kinavuta, na nikiinuka hatua chache za mwanzo nachechemea kama bawaba yenye kutu, halafu panafunguka natembea vizuri. Niliogopa sana, nikajua kiungo kimelegea.

Mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo alinituliza kwa maelezo ambayo bado yananisaidia. Kilichobadilishwa ni kiungo, misuli ni ile ile. Wakati wa upasuaji ilikatwa au kuvutwa pembeni ili daktari afike kwenye nyonga, na kabla ya hapo ilikuwa imeshanyong'onyea kwa miaka yote niliyotembea nikiukwepa mguu ule. Nyumbani ilikuwa inafanya kazi kidogo na kupumzika sana. Ofisini ikadaiwa siku nzima kwa mkupuo.

Nilichobadilisha: kiti. Kile cha mwanzo kilikuwa cha chini na laini, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, na kwa sisi tuliopasuliwa kwa nyuma hilo ni katazo la miezi ya mwanzo, maana kukunja nyonga kupita pembe ya nyuzi 90 kunaweza kuichomoa. Nikapata kiti kirefu chenye mikono, nikiinuka nasukuma kwa mikono. Simu yangu ina kengele kila baada ya nusu saa, ikilia nasimama hata kama niko katikati ya hesabu. Na makaratasi ninayoyahitaji mara kwa mara nimeyaweka kabati la mbali kwa makusudi.

Tuambieni: unafanya kazi gani, maumivu yanakubana saa ngapi, na umebadilisha nini *kazini*?

Mwalimu wa sekondari

Asante kwa uzi huu, ndugu yangu. Kwangu kutembea hakukuwa tatizo. Kusimama pale pale ndiko kulikoniumiza. Dakika kumi ubaoni bila kusogea, upande wa nje wa nyonga unawaka. Nilipogundua kwamba nikizunguka kati ya madawati panapoa, nikaacha kufundishia mbele. Naandika kidogo, nazunguka, narudi.

Fimbo naishika mkono wa upande *mzima*. Wengi wanaishika upande uliopasuliwa wakidhani ndio unaohitaji msaada. Ukiishika upande wa pili, inabeba uzito pale ambapo misuli ya makalio ya upande mgonjwa haijaweza, na mwili hauyumbi. Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, uliopasuliwa unatangulia pamoja na fimbo.

Kabla sijarudi nilimwendea mkuu wa shule nikiwa na barua ya daktari. Sikuomba kupunguziwa vipindi. Niliomba visifuatane vitatu, na madarasa yangu yawe ya ghorofa ya chini kwa muhula ule. Alikubali pale pale, kwa sababu lilikuwa ombi analoweza kulipanga kwenye ratiba. Ningemwambia tu "mguu unauma", angeniambia pole, na yangeishia hapo.

Jioni kifundo kilikuwa kinavimba hadi kiatu kinaacha alama. Nalala chali mguu umeinuliwa juu ya mito, barafu iliyofungwa kwenye taulo juu ya nyonga kwa dakika 15 hadi 20. Barafu isiguse ngozi, hasa karibu na kovu ambako bado pana ganzi, maana inaweza kukuunguza usijue.

Muuguzi wa wodi

Nimefanyiwa, na nauguza waliofanyiwa, kwa hiyo naomba nizungumzie dawa.

Watu wengi wakirudi kazini wanaacha vidonge siku hiyo hiyo, kwa imani kwamba mtu wa kazi hanywi dawa za maumivu. Halafu wanavumilia hadi saa nane, maumivu yameshapanda, ndipo wanameza kidonge na kulalamika hakifanyi kazi. Kama daktari bado amekuruhusu, zinywe kwa saa zake katika wiki za mwanzo, kisha punguza taratibu. Ya kwanza kunywa asubuhi, kabla ya safari ya kazini, ilinisaidia mimi kuliko kitu kingine.

Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Soma maboksi ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Ibuprofeni na diklofenaki msijinunulie bila kuuliza, hasa kama bado mnatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mna vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au matatizo ya figo. Tramadoli na ndugu zake zinalegeza akili na kufunga choo. Ukiwa bado unazihitaji mchana kutwa, mwili unakwambia muda wa kurudi kazini haujafika.

Mimi nilirudi kwa kukaa kwenye mapokezi ya wodi, naandika kumbukumbu na kupanga zamu. Kugeuza wagonjwa kitandani nilikuja kurudia baadaye sana, kwa sababu ile kazi inataka uiname na kujipinda kwa pamoja huku umebeba uzito, na nyonga mpya inachukia hasa kujipinda.

Sasa haya ni ya kuacha kazi na kwenda hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri wikendi: kigimbi kimevimba, kinauma na kina joto, kifua kinabana au pumzi inakata ghafla, kidonda kinatoa maji au usaha, au una homa huku nyonga ikizidi kuuma, na maumivu makali ya ghafla, mguu umeonekana mfupi au umegeuka, huwezi kuukanyagia. Haya si uchovu wa kazi.

Mleta mada

Dada muuguzi, ubarikiwe. Hili la kunywa kabla ya safari nimelichukua.

Dereva wa lori

Mimi mguu wa kulia, wa breki. Wengi huruhusiwa kuendesha karibu na wiki ya sita, lakini daktari wangu hakunipa tarehe. Aliniuliza kama naweza kukanyaga breki ya dharura kwa nguvu zote bila kusita. Nikajaribu gari likiwa limezimwa, nikajiona nasita. Nikarudi nyumbani. Gari dogo nilianza kabla, lori likafuata baadaye. Ulizeni na bima zenu pia kabla ya kushika usukani, kila moja ina masharti yake.

Maumivu yangu ni ya mtikisiko na kukaa. Nyonga haichomi, inachoka, halafu kiuno kinaanza kuibeba. Nimeinua kiti, nimeweka mto mgumu wenye mteremko mdogo kuelekea mbele, na kila baada ya saa moja au zaidi kidogo nasimama, nashuka, nalizunguka gari. Kupanda kabini ndiko kulikonitia hofu. Mguu mzima kwanza, mikono yote miwili imeshika, sirukii. Kushuka nageukia gari, uliopasuliwa ndio unaotangulia chini, sirukii pia, hata nikiwa na haraka. Kwenye gari dogo ni makalio kwanza, kisha miguu yote miwili pamoja, usiingize mmoja huku mwili umejipinda.

Mtunza ghala

Wakuu, nyie wa viti mna bahati, nasema kwa upendo. Kazi ya kunyanyua, madaktari wengi wanataka ukae miezi mitatu au zaidi, na kwangu ilipita hapo.

Shida yangu kubwa ilikuwa siku nilipoacha fimbo. Kwa msimamizi, fimbo ikiondoka ugonjwa umeondoka. Kesho yake nikapangiwa kupakua. Nilifanya hivi: nikaandika kazi zote za ghalani kwenye karatasi moja, nikaenda nayo kliniki, nikamwomba mtaalamu wa mazoezi aweke alama ipi sasa, ipi baada ya mwezi, ipi isiguswe. Nikaileta kazini ikiwa na sahihi. Tangu hapo hatubishani, tunaangalia karatasi.

Na hili ndilo lililonipa amani. Nilikuwa kila nikisikia maumivu naacha kila kitu, halafu misuli inazidi kulegea, halafu nikirudi panauma zaidi. Mtaalamu akanipa kipimo: angalia asubuhi inayofuata. Ukilala maumivu yakashuka, ukaamka uko kama jana yake, kazi ya jana mwili umeimudu. Ukiamka pameuma kuliko kawaida, au umeanza kuchechemea upya, jana ulizidisha, leo punguza mzigo, usisimame kabisa. Sasa nayasikiliza maumivu bila kuyaogopa.

Upande wa nje wa nyonga nao ulinisumbua usiku, ukilalia unawaka. Nikaambiwa ni kano za misuli ya makalio. Mto kati ya magoti, na mazoezi: kuinua makalio ukiwa umelala chali, kuinua mguu kwa pembeni, kuinuka kitini bila mikono. Nayafanya hadi leo, kabla ya kazi. Nikiruka wiki, jioni naijua.

Kijana, selimundu

Nawasalimu wakubwa zangu. Nina miaka thelathini na kitu, kichwa cha mfupa wa paja kilikufa kwa kukosa damu kwa sababu ya selimundu. Kwa hiyo wenzangu kazini hawaamini. Mtu wa umri wangu akiomba kiti anaonekana mvivu. Nilichagua kuwaambia wawili tu wa karibu, kwa undani, na hao ndio wanaonisaidia kubeba vitu bila maneno.

Kwangu kazi ya ziada ni kutofautisha maumivu. Ya selimundu huwa yanasambaa, mifupa mingine nayo inaamka, mara nyingi baada ya baridi au kutokunywa maji ya kutosha. Ya nyonga yanakaa mahali pake na yanafuata nilichofanya. Nina daftari dogo, naandika saa na kazi niliyokuwa nafanya. Daktari analipenda kuliko maelezo yangu.

Bosi aliniuliza itadumu muda gani. Uchambuzi mmoja uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba takriban asilimia 58 ya nyonga bandia hufikisha miaka 25. Kwa umri wangu maana yake huenda nitapasuliwa tena. Ndiyo maana nimeomba kuhamia kazi za kupanga mipango badala ya za uwanjani, nikiwa bado najiweza.

Mkutubi

Naomba niwasemee ambao hayakwisha. Karibu mwaka mzima, kila nikiinua mguu kuingia garini au kupanda kijingazi cha rafu, kinena kinachoma. Nikaambiwa mara kadhaa ni kawaida, vumilia. Sikukubali, nikaomba uchunguzi. Wakapiga picha ya eksirei kuona kama kiungo kimelegea, wakapima damu kutafuta maambukizi, vyote salama. Ikaonekana kano inayokunja nyonga inasuguana na ukingo wa kikombe cha kiungo bandia. Nilichomwa sindano mahali hapo, nikabadilishiwa mazoezi, na kazini sipandi kijingazi, rafu za juu anashughulikia mwenzangu, mimi nimechukua kazi zake za mezani.

Bado panauma siku nyingine. Ila kujua ni nini kinachouma kumenirudishia usingizi. Kama miezi imepita na yako yanapanda badala ya kushuka, rudi kwa daktari wa mifupa hata kama umeshaambiwa ni kawaida.

Fundi cherehani

Mimi nasubiri upasuaji, nyonga ya kushoto. Natumia cherehani ya kukanyaga. Nijiandae vipi? Na nirudi siku gani?

Mtunza ghala

Fundi, anza mazoezi sasa hivi, kabla ya kupasuliwa, kadiri maumivu yanavyokuruhusu. Misuli unayoingia nayo chumba cha upasuaji ndiyo utakayotoka nayo.

Mleta mada

Pole, fundi, na hongera kwa kuuliza mapema. Pima urefu wa stuli yako leo, magoti yawe chini ya nyonga, na kama ni fupi ipandishe pamoja na meza. Muulize daktari wako atapitia mbele, pembeni au nyuma ya nyonga, kwa sababu makatazo ya kukunja na kujipinda yanategemea hilo. Cherehani ikanyage kwa mguu wa kulia kwa kipindi cha mwanzo kama unaweza, au uazime ya umeme. Kazi za kukata kitambaa kwa kusimama zichanganye na za kushona, usimalize moja ndipo uanze nyingine.

Siku ya kurudi, daktari akisharuhusu, chagua Alhamisi. Unafanya siku mbili fupi, unapata mapumziko ya wikendi kuona nyonga inasemaje, ndipo unaanza wiki kamili. Mimi nilifanya hivyo, na wiki iliyofuata nilijua nipunguze nini.

Wengine, hasa wapishi, walinzi na wa kazi za usafi, bado sijawasikia. Karibuni.