Mjadala: Muhogo wa RNAi, kwa nini tusiupime wenyewe?

Wadau, naomba tujadili hili bila kuchanganya mambo. Novemba 2018 Serikali yetu ilisimamisha majaribio ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, likiwemo la mahindi pale Makutupora, Dodoma. Tangu hapo ukitaja mbegu yoyote iliyobadilishwa vinasaba unaambiwa suala lilishafungwa. Wenzetu Kenya, Juni 2021, waliidhinisha muhogo unaojikinga na ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa njia inayoitwa RNAi. Mimi nasema muhogo huu haujawahi kujadiliwa hapa kwa hali yake wenyewe.

Asiyelima hajui ugonjwa huu unavyokatisha tamaa. Shamba la mama yangu Mkuranga lilistawi, shina nene, majani hayana neno. Tulipong'oa na kukata, ndani kote mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Tukamenya, tukachonga palipooza, kilichobaki hakikutosha hata makopa. Na si ugonjwa mgeni: ulielezwa kwa maandishi tangu 1936, huko Amani, Tanga.

Hoja ninayoisikia sana ni "mtatulisha virusi". Hebu tuangalie kinachofanyika. Mmea una kinga yake ya asili, ndiyo hiyo RNAi: ukikutana na RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa vinasaba) yenye nyuzi mbili, huikata vipande vidogo, kisha hutumia vipande hivyo kuisaka na kuikata RNA yoyote inayofanana navyo. Watafiti wameupa muhogo sehemu ndogo tu ya vinasaba vya virusi viwili vya michirizi, uvitambue kabla inzi weupe hawajavileta. Sehemu hiyo haiwezi kuwa kirusi. Muhogo mgonjwa tunaomenya leo ndio umejaa virusi kamili, na tumeula miaka yote. Ni virusi vya mimea, havimwambukizi mtu.

Wasiwasi ninaouheshimu ni mwingine. Kinga hii inategemea mfanano, kwa hiyo virusi vikibadilika sana inaweza kuzidiwa. Ndiyo maana Kiroba na mbegu nyingine zinazovumilia zisiachwe. Halafu kuna pingili. Sisi tunaomba kwa jirani, tunafunga mzigo, tunapanda. Atakayeleta sharti la kununua kila msimu, nitampinga mimi wa kwanza.

Ninachotaka ni TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, waruhusiwe kuupima hapa, kwenye udongo wetu na virusi vyetu, na matokeo yawekwe wazi hata yakiwa mabaya. Anayepinga hata kupima, naomba alete hoja yake.